Joto Si Halijoto: Somo la Birika, Makaa na Ziwa Tanganyika



Jumamosi baada ya Adhuhuri huwa nakaa na wadogo zetu wa sekondari hapa Kanyosha kuwasaidia hesabu na fizikia. Hivi karibuni mmoja wao, mtoto wa mvuvi, aliniuliza swali ambalo nimeona linastahili kuletwa hapa. Alisema: "Kaka, tunaambiwa ziwa limeongezeka joto digrii moja hivi tangu enzi za mababu. Digrii moja ni nini? Chai yangu inapoa digrii kumi kabla sijaimaliza. Sasa digrii moja itawadhuru ndagala vipi?"

Swali hilo si la watoto peke yao. Nimelisikia pia kwa wenzetu wa chuo wanaosoma sheria, uchumi na hata kilimo. Wengi tuliiacha fizikia mlango wa sekondari, na tangu hapo tunazungumza habari za joto kama wanavyozungumza wauzaji wawili ambao mmoja anapima kwa kilo na mwingine kwa mita. Jibu lipo, na si gumu. Lakini ili tulifikie lazima kwanza tutenganishe maneno matatu ambayo mazoea ya kila siku yameyachanganya.

Maneno matatu

Katika mazungumzo ya nyumbani, neno "joto" hubeba kila kitu. Tunasema leo kuna joto, mtoto ana joto, makaa yanatoa joto. Ubushuhe wa Kirundi nao hutumika kwa upana huohuo. Katika fizikia kila jambo lina jina lake.

Neno la kwanza ni halijoto. Kila kitu kimeundwa kwa chembe ndogo mno, atomu na molekuli, na chembe hizo hazitulii. Ndani ya maji zinateleza na kugongana, ndani ya chuma zinatikisika pale zilipo, ndani ya hewa zinaruka huku na huku. Halijoto inatueleza chembe hizo zinatikisika kwa nguvu kiasi gani kwa wastani. Hiyo ndiyo namba tunayoisoma kwenye kipimajoto, kwa digrii za Selsiasi. Ukizidi kupoza kitu, mtikisiko unazidi kupungua, na kuna mpaka wa chini ambao hakuna kitu kinachoweza kuuvuka: digrii 273.15 chini ya sufuri. Wanasayansi wameufanya mpaka huo kuwa sufuri ya kipimo kingine, kinachoitwa kelvini.

Neno la pili ni nishati ya joto. Hii ni jumla ya nishati ya mtikisiko wa chembe zote zilizomo ndani ya kitu. Halijoto ni wastani, nishati ya joto ni jumla. Kama chembe ni nyingi, jumla inaweza kuwa kubwa hata kama wastani ni mdogo. Kipimo chake ni juli.

Neno la tatu ni joto lenyewe. Katika fizikia joto ni nishati iliyo safarini, inayotoka kwenye kitu chenye halijoto ya juu kwenda kwenye kitu chenye halijoto ya chini. Vitu viwili vikiwa na halijoto sawa, safari hiyo haipo. Kwa hiyo, tukitaka kusema kwa usahihi, kitu hakina joto ndani yake. Kina nishati ya joto, na kinatoa joto au kupokea joto.

Mfano wa mfukoni unasaidia. Halijoto ni kama wastani wa faranga kwa kila mtu darasani. Nishati ya joto ni faranga zote za darasa zikijumlishwa. Joto ni faranga zinazopita kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Mtu akikwambia wastani tu, bado hujui darasa lina fedha kiasi gani mpaka uhesabu wanafunzi.

Kikombe na ndoo

Sasa tuhesabu. Kupandisha kilo moja ya maji kwa digrii moja kunahitaji takriban juli 4,200, yaani kilojuli 4.2. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, hivyo hesabu ni nyepesi: zidisha kilo kwa 4.2, kisha zidisha kwa digrii zilizobadilika, utapata kilojuli.

Chukua kikombe cha chai cha gramu 200 kwenye digrii 90, na ndoo ya lita 20 ya maji ya kuoga kwenye digrii 40. Chumba kiko kwenye digrii 25. Je, kipi kitatoa joto zaidi mpaka kipoe na kulingana na chumba?

Kikombe: 0.2 × 4.2 × 65, sawa na kilojuli 55 hivi. Ndoo: 20 × 4.2 × 15, sawa na kilojuli 1,260. Chai itakuunguza ulimi na ndoo haitakuunguza, lakini ndoo ina akiba ya kutoa joto zaidi ya mara ishirini kuliko kikombe. Ulimi unaungua kwa sababu ya halijoto. Chumba kinapata moto kwa sababu ya kiasi cha nishati.

Hesabu hiyohiyo inakusaidia asubuhi ya baridi unapotaka maji ya kuoga au ya udhu. Maji yaliyochemka hapa Bujumbura yana digrii 97 hivi, kwa sababu tuko mita 770 na zaidi juu ya usawa wa bahari na mgandamizo wa hewa ni mdogo kidogo kuliko Mombasa au Dar es Salaam. Ukimimina lita 4 za maji hayo kwenye lita 16 za maji ya digrii 25, zidisha kila upande kilo kwa digrii, jumlisha, kisha gawa kwa kilo zote: (4 × 97 + 16 × 25) ÷ 20. Utapata digrii 39 na kidogo. Ndoo yenyewe na hewa vitachukua sehemu, hivyo utakuta pungufu kidogo. Maji ya moto yametoa joto, ya baridi yamepokea, na pande zote mbili zimesimama kwenye halijoto moja. Hakuna nishati iliyopotea.

Njia tatu za safari

Joto husafiri kwa njia tatu, na zote utaziona bila kutoka Kanyosha.

Ya kwanza ni mpitisho: chembe zinapokezana mtikisiko kwa kugusana. Alfajiri, shika bomba la chuma la kutawadhia, kisha shika ndoo ya plastiki iliyo kando yake. Bomba litakuuma kwa baridi kuliko ndoo, ingawa vyote vimelala usiku kucha kwenye hewa moja na vina halijoto moja. Chuma hupitisha joto haraka, kwa hiyo kinalivuta kutoka mkononi mwako kwa kasi, na plastiki hulipitisha polepole. Ndivyo ilivyo pia kwa sakafu ya vigae na mkeka msikitini. Ngozi yetu haisomi halijoto ya kitu tu. Kwa kiasi kikubwa inahisi kasi ya joto linalotoka au kuingia mwilini. Ndiyo maana tunahitaji kipimajoto.

Ya pili ni msafara: maji au hewa yenyewe inahama na kubeba nishati yake. Kanyosha iko kati ya milima na ziwa, na upepo wetu ni somo la msafara. Ardhi kavu inahitaji karibu moja ya tano tu ya joto ambalo maji yanahitaji ili kupanda digrii moja kwa kila kilo. Tena jua huishia kwenye ngozi ya juu ya ardhi, wakati majini mwanga unazama na mawimbi yanachanganya. Basi mchana ardhi inawaka moto mapema, hewa iliyo juu yake inapanda, na hewa ya ziwani inakuja kujaza nafasi. Usiku ardhi inapoa haraka, na hewa baridi inateremka kutoka milimani kuelekea ziwani.

Ya tatu ni mnururisho: nishati inasafiri kama mawimbi ya mwanga, na haihitaji kitu cha kuibeba. Ndivyo jua linavyotufikia. Ndivyo pia bati la paa linavyokupasha kichwa saa nane mchana hata kama dirisha liko wazi: bati limepata moto na linakunururishia kutoka juu. Dari ya mkeka au ya mbao huukata mnururisho huo, na ndiyo maana nyumba yenye dari hukalika.

Sufuria inayochemka na mfuko wa makaa

Hapa somo linagusa mifuko yetu, sisi tunaojipikia kwenye vyumba vya kupanga. Sufuria ya maharage ikishachemka, wengi wanazidi kupepea imbabura na kuongeza makaa wakiamini maharage yataiva upesi. Ukitumbukiza kipimajoto utakuta digrii zilezile 97, moto uwe mkali au wa wastani. Joto bado linaingia kwa wingi, lakini halijoto haipandi. Linakwenda wapi?

Linakwenda kuyageuza maji kuwa mvuke. Kuzitenganisha chembe za maji zilizoshikamana kunahitaji nishati nyingi: takriban kilojuli 2,260 kwa kila kilo. Linganisha na kuipandisha kilo hiyo kutoka digrii 25 hadi 97, ambako kunahitaji kilojuli 302 tu. Kuyageuza maji kuwa mvuke kunakula zaidi ya mara saba ya nishati ya kuyafikisha kwenye mchemko. Joto hili huitwa joto fichi, kwa sababu kipimajoto hakilioni.

Tuligeuze kuwa makaa. Kilo moja ya makaa mazuri ina kilojuli 30,000 hivi. Tuchukulie kwamba robo tu ya joto hilo inaingia kwenye sufuria na mengine yanapotelea hewani. Kila lita ya maji unayoiacha itoke kama mvuke inakugharimu gramu 300 za makaa, na maharage hayakupata faida yoyote, kwa sababu yanaiva kwa halijoto, na halijoto haikubadilika. Basi sufuria ikichemka, funika, punguza hewa ya imbabura, uache mchemko mdogo tu. Loweka maharage tangu usiku. Dini yetu imetukataza israfu hata kwenye maji ya udhu; sidhani kama makaa yanayotokana na misitu ya nchi hii yametolewa kwenye hukumu hiyo.

Somo lina upande wa usalama pia. Mvuke unapogusa ngozi unarudi kuwa maji, na palepale unaiachia ngozi joto lile fichi lote. Gramu moja ya mvuke inaunguza vibaya kuliko gramu moja ya maji yanayochemka, ingawa halijoto ni moja. Unapofunua sufuria, elekeza mfuniko upande wa mbali na uso wako.

Turudi kwenye swali la ziwa

Sasa tuna zana za kumjibu yule kijana.

Ziwa Tanganyika lina eneo la karibu kilomita za mraba 32,900, na kina chake kikubwa ni mita 1,470. Vipimo vya halijoto vya mwaka 1913 vilihifadhiwa, na mwaka 2003 makundi mawili ya watafiti, moja likiongozwa na Catherine O'Reilly na jingine na Piet Verburg, yalichapisha ulinganisho wao. Maji ya juu yamekuwa yakipanda takriban sehemu moja ya kumi ya digrii kwa kila miaka kumi. Kwenye kina cha mita 600, ongezeko la karne ile lilikuwa karibu theluthi moja ya digrii.

Jibu la kwanza ni la kiasi. Chukua mita 100 za juu tu za ziwa lote na uzipandishe digrii moja. Hesabu ni ileile ya ndoo, ila kilo ni nyingi mno. Utapata juli 14 zikifuatiwa na sufuri 18. Kama watu milioni 10 wangechemsha lita 10 za maji kila mmoja, kila siku bila kupumzika, wangehitaji zaidi ya miaka 1,200 kutumia nishati hiyo. Chai ikipoa digrii kumi imetoa joto dogo. Ziwa likipanda digrii moja limepokea joto kubwa mno. Mwenye kulinganisha digrii kwa digrii amelinganisha wastani wa madarasa mawili akasahau kuhesabu wanafunzi.

Jibu la pili ni zito zaidi, nalo linahusu sahani zetu. Maji yakipata moto hupanuka na kuwa mepesi, hivyo maji ya moto hukaa juu na ya baridi hukaa chini. Katika ziwa letu, maji ya vilindini yana digrii 23 na nusu hivi, na ya juu mara nyingi yana digrii 25 hadi 28. Tofauti ni ndogo. Lakini wepesi wa maji haubadiliki kwa kiwango kilekile kwenye kila halijoto. Mita moja ya ujazo ya maji ya digrii 26 ni nyepesi kwa gramu 600 hivi kuliko ya digrii 23.5. Katika ziwa la nchi za baridi, tofauti hiyohiyo ya digrii 2.5, kutoka 4 hadi 6.5, inaleta tofauti ya gramu 50 tu. Kwa hiyo digrii moja kwenye ziwa la joto kama letu ina nguvu ya kutenga tabaka mara nyingi zaidi ya digrii moja kwenye ziwa la baridi.

Kutengana huko kuna madhara gani? Mimea midogo isiyoonekana kwa macho huishi juu, kwenye mwanga. Mimea hiyo huliwa na vijidudu vya majini, vijidudu huliwa na ndagala, ndagala huliwa na mukeke, na sisi tunawala wote wawili. Lakini mbolea ya mimea hiyo iko chini, kwa sababu kila kinachokufa kinazama. Chini ya mita 100 hadi 200 hivi hakuna hata oksijeni, ila akiba ya mbolea ni kubwa. Kila mwaka, kiangazi kinapofika, kati ya Mei na Septemba, upepo wa kusini husukuma maji ya juu kuelekea upande wetu wa kaskazini. Upande wa kusini maji ya chini hupanda kuziba nafasi yakiwa na mbolea. Upepo ukitulia, tabaka zinayumba kama maji kwenye karai lililotikiswa, na mbolea nyingine hupanda sehemu nyingine za ziwa, hata huku kwetu.

Maji ya juu yakizidi kuwa mepesi, upepo uleule unapata kazi ngumu zaidi kuyachanganya na ya chini. Mbolea inabaki vilindini, mimea inapungua, na mnyororo wote unakonda. Kundi la O'Reilly lilikadiria kwamba uzalishaji wa mimea hiyo ulipungua kwa karibu asilimia 20, jambo linaloweza kuwa na maana ya samaki pungufu kwa asilimia 30 hivi. Wapo wanasayansi waliowapinga, wakisema uvuvi wenyewe, wenye nyavu nyingi na matundu madogo, una sehemu kubwa ya lawama. Mwaka 2016 kundi la Andrew Cohen lilichunguza matope ya sakafu ya ziwa na kuonyesha kwamba mabaki ya samaki yalianza kupungua kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara kuanza katikati ya karne ya 20. Mimi naona ushahidi huo haumwondolei mvuvi wajibu. Unauongeza. Kama ziwa linazaa kidogo kuliko zamani, basi nyavu za matundu madogo zinaumiza zaidi kuliko zamani.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mtu akisema mbele yenu kwamba digrii moja si kitu, muulizeni maswali mawili kabla ya kubishana naye: digrii moja ya kilo ngapi? Na digrii moja kuanzia halijoto gani? Sokoni Uislamu umetufunza kutimiza kipimo na mizani. Kwenye elimu pia tusikubali namba iliyokatwa nusu.

Maswali ya kujipima

1. Cheche ya chuma kutoka kwa mchomeleaji ina halijoto ya zaidi ya digrii 1,000, lakini ikidondoka mkononi huumia kidogo tu. Kwa nini?

2. Una lita 10 za maji ya digrii 25. Unahitaji kilojuli ngapi kuyafikisha digrii 40?

3. Mtungi wa udongo unaovuja unyevunyevu hupoza maji kuliko jerikani la plastiki. Joto linakwenda wapi?

4. Kwa nini kufunika sufuria kunaokoa makaa?

Majibu kwa ufupi

1. Halijoto ni ya juu lakini uzito ni mdogo sana, hivyo nishati ya joto ni kidogo. 2. 10 × 4.2 × 15, sawa na kilojuli 630. 3. Maji yanayotoka kwenye ngozi ya mtungi yanageuka mvuke, na yanachukua joto fichi kutoka kwa maji yaliyobaki ndani. 4. Mvuke unagota kwenye mfuniko, unarudi kuwa maji na kuacha joto lake humohumo, badala ya kuondoka nalo.

Mwenye nafasi Jumamosi na aje tusaidiane kuwafundisha wadogo zetu. Wa hesabu, wa biolojia na wa lugha wote wanahitajika. Wabillahi tawfiq.